Bapa Moja Tu, na Bei Ndiyo Hiyo?

Wiki iliyopita mteja aliingia na kisu cha kukunja, hata salamu hakutoa. Alikibwaga mezani. "Fundi, mliniuzia feki. Nanoa kila siku, hata nyanya hakikati."

Nilikikunjua. Kuanzia kwenye ncha hadi kama katikati ya bapa, makali yalikuwa na utando wa bluu. Jibu nilishalipata, lakini nilimuuliza: kilinolewa wapi? Kwenye grainda ya jamaa anayechomelea mageti, akasema, dakika moja tu na hakulipa kitu.

Dakika hiyo ndiyo iliyokiua. Chuma cha kisu hupata ugumu kwa kutiwa moto mkali na kupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa joto dogo ili kisivunjike kama glasi. Bluu ile hujitokeza chuma kikifika kama nyuzi 300 za Selsiasi, na kwa vyuma vya kawaida vya visu, kikifika hapo ugumu umeshaondoka. Utanoa asubuhi, jioni ni butu. Makali ni membamba, kwa hiyo hupata moto kabla hata mkono wako haujahisi joto. Nilikaa na kisu kile kwenye jiwe la maji karibu saa mbili, nikaondoa chuma chote kilichoungua, bapa likapungua upana. Nilimtoza kazi hiyo. Alinuna, lakini saa mbili za kusaga kwa mkono siwezi kuzitoa bure kwa kosa lisilo letu.

Lalamiko la pili nalisikia karibu kila siku: mbona hiki chenye bapa moja ni ghali kuliko kile chenye vifaa kumi na viwili? Ndugu mteja, fungua hicho cha vifaa kumi na viwili. Shika bapa lake kwa vidole viwili ulitikise kushoto na kulia. Linacheza, siyo? Ili vifaa vyote vienee kwenye mpini mmoja kwa bei ile, kila kimoja kimefanywa chembamba, chuma chake ni laini, na pini inayovishika ni dhaifu. Vipo vya vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa uangalifu: Karl Elsener wa Uswisi alisajili kisu chake cha maofisa mwaka 1897, na kampuni yake, Victorinox, inavitengeneza mpaka leo. Ila hivyo navyo si vya bei rahisi, na unalipia kopo na bisibisi ambazo pengine hutazigusa.

Anayetaka kisu cha kukata kamba, kumenya tunda, kuchonga kijiti na kufungua maboksi, mimi humwonyesha kitu kama Opinel, kilichoanzia Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Vipande vyake ni vitano: bapa, mpini wa mti, pini, pete isiyosogea na pete ya kuzungusha inayolifunga bapa, iliyoongezwa mwaka 1955. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5, na kwa mfukoni inatosha kabisa. Nina kasoro moja ya kukuambia kabla hujalipa: mpini ukilowa huvimba na bapa hugoma kutoka. Kiache kikauke kivulini. Kuna aliyelivuta kwa koleo, akaniletea bapa lenye pengo kubwa kama punje ya mchele.

Kwa chuma, jiulize utakitumia wapi. Cha kaboni hunoleka upesi, lakini ukikiacha na maji ya limau usiku kucha utakikuta na kutu. Mvuvi, au mtu anayetoka jasho sana mfukoni, namshauri achukue kisichoshika kutu hata kama atanoa kwa muda mrefu kidogo.

Kabla hujatoa hela, kikunje polepole ukitazama kwa juu: bapa liingie katikati ya mpini bila kukwaruza upande wowote. Kikunjue, funga kufuli lake, kisha bonyeza mgongo wa bapa taratibu, vidole vikiwa mbali na njia yake. Kufuli likiachia, kirudishe, hata kama mpini ni mzuri kiasi gani.

Na tafadhali, usikipigilie gogo mgongoni ili upasue kuni. Kisu cha kukunja kimebebwa na pini nyembamba, na kila pigo linaishia pale. Vitatu vya namna hiyo viko kwenye droo yangu sasa hivi, pini zimepinda, na wenyewe waliona heri kununua vipya. Kwa kuni chukua kisu kisichokunjwa, ambacho chuma chake kimepita ndani ya mpini hadi mwisho.

Kisu ulichonunua kwetu tunakinoa bure mara ya kwanza, kwa jiwe, kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande, na tutakuonyesha namna ya kushika mkono ili baadaye ujinolee nyumbani. Kilete kikiwa butu, kabla hakijapita kwenye grainda.