Usinunue kadi mpya kwanza

Wete, Pemba

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Nimepata habari kuwa kompyuta ya dukani kwenu Darajani inakata mtandao, nawe umeshaanza kuulizia bei ya kadi ya mtandao. Ngoja kwanza. Maradhi hayo nimeyauguza miezi mitatu.

Mashine yetu, kama yenu, inaendeshwa na mfumo wa FreeBSD, nayo ndiyo inayoweka mafaili ya wateja. Vitu vidogo vikipita vizuri. Ukinakili faili kubwa, kimya. Nilibadilisha waya, nikabadilisha swichi, fundi mmoja akashikilia kuwa ni umeme. Siku moja wingu lilitanda, wenzangu wote wakakimbilia uani kuanua karafuu, nikabaki peke yangu na mashine. Nikaandika dmesg, amri ya kuonesha ujumbe wa mfumo. Mstari ni uleule, umejaa kioo kizima: "re0: watchdog timeout".

Jina hilo lina maana yake. FreeBSD huita kadi kwa jina la draiva yake, yaani programu inayoiendesha, na re ni draiva ya kadi za kampuni ya Realtek. Draiva imeikabidhi kadi data ya kupeleka, ikangoja jibu, halikuja, ikaiwasha kadi upya. Ndipo mtandao unapokatika. Kadi yangu ilikuwa nzima kabisa!

Basi andika pciconf -lv uone kadi yako ni ya kampuni gani. Ikiwa ni Realtek, iko draiva ya kampuni yenyewe, pakiti yake ya kusakinisha inaitwa realtek-re-kmod. Utaishushaje na mtandao ni mbovu? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, kisha andika kldload if_urndis (kupakia draiva ya kuunganisha simu) na dhclient ue0 (kuomba anwani ya mtandao). Mimi ndivyo nilivyoipata.

Ukishaisakinisha, tia mistari hii miwili katika /boot/loader.conf, faili linalosomwa mashine ikiwaka:

if_re_load="YES"
if_re_name="/boot/modules/if_re.ko"

Wa pili usiusahau, nakuomba. Mimi niliuacha, mashine ikapakia draiva ileile ya zamani, nikapoteza usiku mzima. Ukiwasha upya, amri ya kldstat, inayoorodhesha vilivyopakiwa, ikuoneshe if_re.ko. Na kila ukipandisha toleo la mfumo, hakikisha moduli hiyo ya draiva imejengwa kwa kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo.

Pciconf ikitaja kampuni nyingine, haya yote yaache, nitumie ilichoandika tulitazame pamoja.

Nisalimie mama. Mwambie karafuu hazikurowa.

Nduguyo wa Wete