Kikao cha Jumamosi kimehamia Nyalenda

Hamjambo dada na kaka. Jumamosi tukutane saa 4 asubuhi ukumbi wa kanisa Nyalenda, si Manyatta tena. Nauli, sh. 200, mtarudishiwa papo hapo.

1. Leteni madodoso yote. Jina la manusura wa ubakaji lisiandikwe popote. Mitaani kwetu watu wanajuana.

2. Tutarudia habari ya saa 72 baada ya kubakwa. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya muda huo, kwa hiyo hospitali kwanza, fomu ya polisi ya P3 baadaye. Manusura asioge, na nguo zake ziwekwe kwenye karatasi, si plastiki. Kuna mama alichelewa akihangaikia fomu, bado inaniuma.

Anayehitaji msaada kabla ya hapo apige 1195, simu ya msaada wa ukatili wa kijinsia, ni bure.

Tafadhali jibu “Nitakuja” au “Sitaweza” kufikia Alhamisi jioni, tujue idadi ya chai.