Chumvi na siki havishikishi rangi ya mimea kwenye pamba

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe ushauri unaowaharibia vitambaa wanaoanza kutia rangi kwa vitu vya jikoni. Wanaambiwa wachemshe bitiruti, kisha waloweke kitambaa cha pamba kwenye chumvi na siki ili rangi ishike. Kitambaa hutoka na waridi ya kupendeza, kikifuliwa mara mbili kimeshapauka. Rangi ya bitiruti haina mshiko kwenye pamba, tena moto na jua huiua. Chumvi husaidia rangi za paketi za dukani, na siki ina kazi yake kwenye sufu na hariri. Kwa pamba na rangi za mimea, kinachoshika ni shabu, lile jiwe jeupe kama kioo wanalouza wauza dawa za asili.

Afadhali kuanza na maganda makavu ya vitunguu maji, ambayo wauzaji sokoni huyatupa. Kwa nusu kilo ya pamba, ipimwe ikiwa kavu, yanatosha maganda gramu 250. Hiyo ni mifuko kadhaa, maana maganda ni mepesi mno.

Kwanza kitambaa kichemshwe saa nzima kwa sabuni na vijiko viwili vya magadi, hata kama ni kipya. Kitambaa kipya kina wanga na nta, na hapo ndipo mabaka mengi yanapoanzia. Dondoshea tone la maji: likikaa juu bila kuzama, rudia kuchemsha.

Pamba haiipokei shabu vizuri peke yake, hivyo itangulize majani ya chai. Chemsha gramu 100, chuja, loweka kitambaa usiku kucha. Kikamue, kisha kiingie kwenye maji ya moto yaliyoyeyushwa gramu 75 za shabu, kikae tena usiku kucha. Wengi huiruka hatua ya chai kwa sababu inakifanya kitambaa kiwe na wekundu wa kahawia kidogo, halafu wanashangaa rangi imetoka hafifu.

Maganda yachemke dakika 45 katika lita 10 za maji, yachujwe. Kitambaa kiingie kikiwa kimelowa, kiogelee bila kubanana, kigeuzwe mara kwa mara kwa moto mdogo saa moja, kisha kipoe humo humo. Kitatoka njano ya dhahabu au rangi ya chungwa. Poliesta haitapokea kitu.

Manjano ya mchuzi huingia hata bila shabu, lakini jua huipausha upesi, na sabuni ya mche huigeuza nyekundu. Maji ya ndimu huirudisha, ila kwa nguo ya kufuliwa kila wiki siishauri.

Anayetaka kijani cha zeituni juu ya vitunguu aloweke misumari yenye kutu kwenye siki wiki moja, kisha atie kijiko kimoja kimoja cha maji hayo kwenye sufuria ya rangi akiangalia inavyobadilika. Asizidishe: chuma kingi hula nyuzi, na nguo huchanika baada ya miezi. Sufuria iliyopita shabu au kutu isirudi kupikia chakula, na nguo ianikwe kivulini.

Mtia rangi vitambaa,
Tanga