Nakuachia Tausi

Shoga yangu Zuhura,

Za masiku? Sisi wazima, shemeji yako anakusalimu. Kabla hujaanza kunisema kwa kimya changu, sikia kwanza: nina mimba. Naam! Mama mkubwa keshajua, maana yake ulimwengu mzima umeshajua isipokuwa wewe, ndiyo sababu naandika haraka usije ukazipata kwa Rehema ukaninunia.

Sijambo, ni kichefuchefu tu cha asubuhi. Lakini kilichonishikisha kalamu si mimba, ni farasi wangu Tausi. Daktari amenikataza kupanda farasi mpaka nijifungue na mwili urudi, na kwa mara ya kwanza maishani sikubishana na daktari. Kuanguka kutoka mgongoni mwa mnyama wa kilo mia tano ni mtihani ukiwa peke yako, sembuse mkiwa wawili. Sasa Tausi anabaki bila mpandaji, na farasi kama yule ukimfungia tu bandani atajitafutia kazi. Unakumbuka kazi aliyojitafutia safari ile nilipougua. Mlango bado umefungwa kwa kamba.

Nataka umpande wewe.

Nimezunguka siku kadhaa nikitafuta namna ya kuyasema hayo kwa adabu, nikaona bora niyatupe hapo. Kaka yako ana mkono mzuri kutupita sote, lakini subira hana. Shemeji yako naye amejitolea (usicheke), mtu ambaye mpaka leo hupita nyuma ya mkia wa Tausi kimyakimya kama mwizi wa kuku. Nimechoka kumwambia: macho ya farasi yako ubavuni, huona karibu pande zote kwa mara moja, ila mahali pawili hapaoni, mbele kabisa ya pua na nyuma kabisa ya mkia. Ukimtokea huko bila kutoa sauti, yeye hajui kuwa wewe ni mume wa mtu. Anajua kuna kitu kimekuja kumla. Akirusha teke, mimi kesi hiyo siisikilizi.

Basi nisikilize kuhusu Tausi. Watu huniambia, "Huyu anakupenda." Labda. Mimi sijawahi kuusikia upendo huo kinywani mwake. Ninachokijua ni kwamba anajua nitafanya nini. Nikisogea upande wake wa kushoto nikamwita, kinachofuata ni mkono begani, kisha shingoni, kisha tandiko, na hakuna siku mkono ule ulianza na kofi. Kwa mnyama aliyeumbwa akimbie kwanza, kujua kinachofuata ni jambo kubwa mno.

Alipokuja kwangu hakukubali kuguswa masikio. Sijui huko alikotoka walimfanya nini, ila ukimletea hatamu alikuwa akinyanyua kichwa juu mpaka unaonekana kichekesho chini yake. Waliniambia nimfunge kichwa, nikakataa. Nilikuwa namgusa shingoni, chini kabisa, na mkono nauondoa yeye akiwa ametulia, kabla hajaanza kujivuta. Kesho juu kidogo. Ukiuondoa akiwa anajivuta, umemfundisha kujivuta. Ukiuondoa ametulia, umemfundisha kutulia. Yote ninayoyajua kuhusu farasi yanazunguka hapo: ubanapo mguu ubavuni humfundishi kitu, unamwuliza tu. Anajifunza pale unapolegeza. Akisogea hata hatua moja ukaendelea kubana, atajuaje kama amepatia? Na asipojua, ataacha kujaribu, kisha watu waseme ana kichwa kigumu.

Hapo najua mwalimu wenu wa sauti kubwa atakushauri umtie lijamu kali zaidi, kile chuma cha mdomoni. Mkatalie. Mwambie nimesema mimi, ananijua. Lijamu hukaa kwenye pengo lisilo na meno, juu ya ufizi mwembamba uliolala moja kwa moja juu ya mfupa. Ukivuta kamba kidogo tu mkononi mwako, kule mdomoni ni jambo zito. Na huyo huyo ndiye aliyetuambia farasi lazima ajue nani bosi! Tausi anajua vizuri nani bosi. Kitu anachotaka kujua kila asubuhi ni kama bosi ana akili.

Sasa jambo lenyewe, nalo nisamehe kwa kulitaja. Tangu lile la darajani najua unapanda huku moyo uko kooni. Rehema kaniambia, usimlaumu. Mimi hainisumbui, ila Tausi atajua kabla hujaingiza mguu kwenye kikuku. Kuna jaribio lilifanywa Sweden, matokeo yakatoka 2009: watu waliongoza farasi, wengine wakawapanda, wakipita uwanjani huku mapigo ya moyo ya mtu na ya farasi yakipimwa. Kisha wakaambiwa kwamba safari inayofuata mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Mioyo ya watu ilipanda, na ya farasi ikapanda pia, ilhali farasi hawakuambiwa lolote.

Na yule Hans wa Ujerumani je, farasi aliyesifika kwa kujua hesabu? Unamwuliza swali, anagonga kwato mpaka kufikia jibu. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kuwa farasi hakuwa akihesabu chochote, alikuwa akimsoma muulizaji. Jibu likifikiwa, mtu alibadilika kidogo bila mwenyewe kujua, kichwa kikiinuka kiasi kisichoonekana, na farasi akaacha kugonga. Tena muulizaji asipojua jibu, Hans naye hakulijua. Watu walivunjika moyo kwamba hajui hesabu. Mimi hunishangaza kinyume chake. Ikiwa aliona hilo kwa mtu aliyesimama chini, wewe uliyemkalia mgongoni utamficha nini?

Kwa hiyo usijikaze. Ukiogopa, shuka, tembea naye kwa mguu, mpeleke mnakotaka kwenda, mrudi. Hakuna atakayekuhesabia. Na ukiwa juu, pumua nje, pumzi ndefu hadi mabega yashuke. Utaona shingo yake inashuka nayo. Ukibana pumzi, yeye anaanza kutafuta huyo mnyama unayemwogopa yuko kichaka gani.

Nimekuwa nikimfikiria sana Lis Hartel siku hizi, bila shaka unajua kwa nini. Yule mama wa Denmark alipata polio mwaka 1944 akiwa mjamzito. Mtoto akazaliwa salama, mama akaanza upya kujifunza kuinua mkono, kutambaa, kutembea kwa magongo. Chini ya magoti miguu haikupona. Akarudi kwenye tandiko, na mwaka 1952 kule Helsinki, ikiwa ndiyo Olimpiki ya kwanza wanawake kuruhusiwa katika dresaji, mashindano ya kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi, akapata medali ya fedha akiwa juu ya farasi wake Jubilee, dhidi ya wanaume. Naye hakuweza kupanda wala kushuka mpaka asaidiwe. Miaka minne baadaye wakairudia fedha ileile. Hebu nieleze, mtu asiyeweza kubana kwa mguu alimwambia nini farasi yule? Alibaki na mgongo, kiuno, uzito wake. Jubilee naye akakubali kusikiliza vitu vidogo hivyo. Mwalimu wenu hilo hajawahi kulitolea maelezo, kila ukilitaja anakumbuka ana simu ya kupiga.

Aha, na masikio! Sikio moja likigeuka nyuma, anakusikiliza, mpe kazi. Yote mawili yakilala bapa, acha unachofanya. Tandiko ukilikaza, likaze kwa awamu, hapendi mara moja. Usipige mluzi. Kijito kile sitaki umlazimishe. Mpe kamba ndefu anuse, atavuka mwenyewe, au asivuke, maji hayana haraka.

Nitakuonea wivu, nakwambia mapema. Juzi nimesimama tu pale uani, akaja akaninusa tumbo, nikajidanganya kwamba anajua. Halafu akanyofoa kifungo cha sweta. Yeye mwenyewe akibeba atabeba miezi kumi na moja, kwa hiyo huruma yake sitarajii. Lakini siku akianza kukufuata uwanjani bila kamba, kama anavyonifuata mimi, sijui kama nataka uniambie. Niambie. Hapana, mwambie shemeji yako, yeye atajua siku ya kunieleza.

Haya, nijibu basi. Goti linakunja vizuri sasa? Utaweza asubuhi, au kazi bado inakuchukua kabla jua halijatoka? Kaka yako karudiana na yule, au ndiyo basi tena? Ule uzi wangu wa kushonea hatamu uko kwako, au nimsumbue Rehema bure? Na unaogopa kiasi gani, kweli, bila kunipamba? Ukisema hapana sitakasirika, nitatafuta njia nyingine, ila nijue kabla fundi wa kwato hajaja. Lazima awepo mtu wa kumshika Tausi, na hata hilo nimekatazwa.

Wako,
Mwanaidi