Mjomba, zile kilomita tatu za Kitonga

Shikamoo Mjomba.

Hupendi mambo yako yasomwe na watu, kwa hiyo jina lako silitaji. Ila majivuno yangu niliyatoa hadharani, kwenye kundi la watu zaidi ya arobaini, na wewe ukiwemo. Basi na hili naliweka hadharani.

Ilikuwa siku ya tano tangu tutoke Dar kwa baiskeli kwenda Mbeya, kuchangisha hela za watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kila kilomita kwa ahadi ya mtu. Tulilala Ruaha Mbuyuni, gesti yenye feni inayozunguka kwa kusukumwa na mkono, joto la kukufanya umwage maji sakafuni ulalie hapo. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tayari barabarani tukinywa supu kwa chapati, na akina mama wameshaanza kupanga vitunguu. Nikakukumbuka. Ulituambia tukiwa wadogo kwamba hapo ndipo dereva alipopumzisha injini na utingo akaanza kutafuta gogo zuri. Sisi tukidhani gogo la kupikia. Kumbe ni lile la kuzuia tairi, lori likizimika katikati ya mlima Kitonga, na wewe ndiye wa kuruka chini na kulisukumiza nyuma ya gurudumu kabla tani thelathini hazijaanza kurudi zilikotoka.

Kilomita za mwanzo zilikuwa tamu. Jua halijachomoza vizuri, mibuyu imesimama kila upande, mitupu bila jani, mto unauona na kuupoteza. Mtu akiwa ndani ya basi bonde lile hulipita amelala. Ukiwa juu ya baiskeli unasikia hata harufu inavyobadilika: vumbi, kisha vitunguu, kisha mbuzi, kisha breki. Harufu ya breki ndiyo iliyotutangulizia kwamba mlima uko karibu. Malori yanayoshuka na shaba kutoka Zambia na Kongo hufika chini yananuka mpira ulioungua.

Kitonga si ndefu, Mjomba, ukiipima kwa ramani. Haifiki kilomita kumi. Lakini barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kulia kwako kuna jabali na kushoto korongo la mto Lukosi, au kinyume chake, kutegemea kona uliyopo, na kona hazihesabiki. Niliweka gia nyepesi kuliko zote na bado nilikuwa naenda kama mtu anayetembea na mawazo. Semi za mafuta zilitupita polepole kiasi kwamba niliweza kusoma kila kilichoandikwa ubavuni, hadi onyo la kutovuta sigara.

Kisha akapita kijana mmoja na Phoenix yake kuukuu, kandambili miguuni, tenga tupu nyuma. Hakuwa anapiga pedali hata moja. Mkono mmoja ameshika mnyororo nyuma ya semi, mwingine ameshika usukani, na alipotufikia alisema tu, "Poleni." Msafara mzima, helmeti zetu, miwani yetu, fulana zetu za rangi moja, tukajibu, "Asante." Nyani waliokaa ukingoni kungoja maganda ya ndizi walituangalia pia, nao nadhani walikuwa na la kusema.

Baada ya hapo ndipo mguu wa kushoto ulipokaza. Si kukaza kwa kusema "ngoja ninyooshe." Nilishuka kwenye baiskeli kwa kuanguka. Chupa zangu zote mbili zilikuwa tupu kwa sababu nilijifanya mjanja, sikuongeza maji chini ili nipunguze uzito. Gari la msafara likaja, wakanipandisha na baiskeli nyuma, nikapewa maji yenye chumvi na sukari. Nikapanda mlima huo nimekaa kwenye kiti, nikitazama migongo ya wenzangu. Kilomita tatu. Pale juu nikaomba wanishushe, nikaendelea.

Tatizo ni simu. Mita iliyo kwenye gurudumu ilisimama baiskeli ilipopakiwa, lakini simu ilikuwa mfukoni ikaendelea kuhesabu. Jioni Iringa mita ilisoma 106, simu ikasoma 109. Nikapiga picha ya simu. Nikaituma kwenye kundi. Watu wakamwaga maua na ngumi, na wewe, ambaye huandiki kitu humo zaidi ya "Amina," ukaandika: "Hongera mwanangu. Kitonga si mchezo."

Nilikaa na hiyo sentensi hadi Mbeya.

Siku yenyewe iliendelea vizuri, nisikudanganye tena. Ilula tulikula nyanya zimepanguswa kwenye fulana tu, watoto wa shule wakatukimbiza wakipiga kelele kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene! Kamwene!" mpaka pumzi zikawaishia. Lugalo tulisimama kwenye mnara, pale Mkwawa alipomvizia Zelewski, kamanda wa Wajerumani, tarehe 17 Agosti 1891 na kummaliza na jeshi lake. Mwenzetu mmoja alitaka kuhutubia, bahati nzuri upepo ukawa mkali. Na kutoka Ipogolo kupanda mjini, ule mlima mfupi ambao hakuna aliyetutahadharisha nao, niliumaliza juu ya tandiko. Huo ni wangu.

Sasa swali lako la siku ya kwanza. Uliuliza kwa nini wenye hela wasitoe tu hela, badala ya watu wazima kuchomwa jua kutoka Dar hadi Mbeya huku gari likiwafuata na kula dizeli. Gesti na chakula kila mtu alijilipia. Kuhusu gharama ya fulana sina jibu, na niliuliza kikaoni nikaonekana mchawi. Lakini nilishawahi kuomba hela bila baiskeli. Mwaka jana niliwaeleza watu hao hao kwamba nchini mwetu huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka, kwamba kuna dawa ya haidroksiurea inayopunguza yale maumivu, kwamba familia nyingi hushindwa dawa na nauli ya kliniki. Wakajibu "inasikitisha sana." Wanne wakachanga. Safari hii nilisema shilingi kadhaa kwa kila kilomita, na watu wakaanza kuniuliza nimefika wapi, nimekula nini, na mjukuu wako mwenye selimundu anaendeleaje. Sijui kwa nini jasho la mtu asiyeumwa lina soko kuliko kilio cha anayeumwa. Nimelikubali soko hilo, silipendi.

Nilimfikiria mjukuu wako pale nyuma ya gari. Wewe ndiye humbembeleza usiku baridi ya Juni ikimwamsha mifupani, wewe ndiye humfuata na kikombe cha maji mchana kutwa kwa sababu kiu tu inaweza kumlaza hospitali. Mimi kiu yangu niliitengeneza mwenyewe, na ilikwisha kwa chupa moja.

Wengine wote walioahidi nimeshawaandikia kuhusu zile kilomita tatu. Wawili walisema nisiwasumbue na mambo madogo, mmoja hajajibu, nadhani amekasirika, ana haki. Umebaki wewe, uliyeahidi shilingi 100 kwa kilomita. Simu inasema 837. Mita ya gurudumu inasema 834, nayo ndiyo ya kweli.

Kwa hiyo ni 83,400, Mjomba, siyo 83,700. Na weka na ya kutolea.

Mpwa wako.