Usiharakishe kuweka urea

Ndugu yangu Ilunga,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa watoto wote. Huku Morogoro hatujambo.

Unasema mahindi ya kile kiwanja cha upande wa Penga Penga, huko kwenu Lubumbashi, yaliota vizuri, sasa yamedumaa na kugeuka njano, nawe unataka kununua urea. Tafadhali subiri.

Kuota kwake kusikupe moyo. Mbegu huota kwa akiba yake yenyewe, na ganda huikinga kiasi. Balaa huanza mzizi mchanga unapogusa udongo wenye shaba nyingi: ncha hukoma kurefuka, mzizi hubaki mfupi, mnene, wa kahawia, vinyweleo haba. Shaba ikizidi, mmea hukosa chuma, ndipo majani machanga hupauka kati ya mishipa. Mkulima huona njaa ya mbolea. Kumbe urea huongeza tindikali ya udongo taratibu, na tindikali huyeyusha shaba, zinki na kadimi (metali yenye sumu) zaidi.

Tanuri la shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulisukuma moshi wake upande huohuo wa kiwanja chako. Vumbi lake limelala kwenye udongo wa juu, hapohapo mbegu inapofukiwa.

Chukua makopo mawili. Moja jaza udongo wa kiwanja, jingine udongo wa kijijini, mbali na tanuri. Panda mbegu za mfuko mmoja, mwagilia sawasawa. Baada ya siku kumi hivi ng'oa, osha mizizi, ipime kwa rula. Usipime majani, hayo huchelewa kusema. Kisha peleka udongo kitivo cha kilimo cha chuo kikuu hapo mjini wakupimie.

Chokaa na mboji vitasaidia mche, lakini moyo wangu hautatulia. Madini ya risasi hubaki zaidi mizizini; kadimi hupanda hadi majani na punje, na mmea ukaonekana mzima kabisa. Huko Japani, bonde la mto Jinzu, watu walikula mchele wa mashamba yaliyonyweshwa maji yenye taka za mgodi wa Kamioka hadi mifupa ikawavunjika. Serikali ilitamka mwaka 1968 kwamba kadimi ndiyo chanzo, wakati wengi walikwisha kuumia.

Lengalenga, yaani mchicha, ndiyo inayonitia hofu kuliko mahindi, maana ninyi mnakula jani lenyewe. Iliyopo pale msiichume, na watoto wasichezee vumbi la kiwanja hicho.

Niandikie urefu wa mizizi ukishaipima.

Nduguyo,
Juma