Wasifu wa baba usiishie kwenye "alikuwa mcha Mungu"

Ndugu Mhariri,

Katika matanga mengi huku Buganda, wasifu wa baba husomwa kwa dakika chache: alizaliwa, akasoma, akaoa, akajenga, akazaa. Mwishoni huongezwa kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu, mpenda watu na mchapakazi. Si uongo, ila ukifuta jina, karatasi hiyo inamfaa marehemu yeyote wa kijiji kizima. Nawaomba watoto waandike kazi ya mikono ya mzee: aliifanyaje, na kwa nini hivyo.

Tuchukue baba mkulima wa kahawa, maana ndio wengi kuanzia Masaka hadi Mukono. "Alipenda shamba lake" hakumfundishi mjukuu kitu. Kinachomfundisha ni kwamba mzee alichimba shimo la futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini, udongo wa juu akautenga na wa chini, kisha ule wa juu, uliochanganywa na samadi, ndio aliorudisha shimoni. Mbuni hadi mbuni, futi kumi. Shina lililozeeka alilikata kama sentimita 30 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki, akaacha shina moja la kupumulia, yaani lisilokatwa, hadi machipukizi yashike, halafu akabakiza matatu yenye nguvu. Asiyejua haya hukata mashina yote siku moja, au huacha machipukizi kumi yagombanie chakula, kisha husema ardhi imechoka.

Zito zaidi ni ugonjwa wa mnyauko, ulioonekana Uganda mwaka 1993 na kufyeka mibuni mingi ya aina ya robusta. Kuvu wake huingia kupitia jeraha, na jembe au panga la kupalilia likigonga shina linatosha kumfungulia mlango. Mzee anayeujua hukwangua gome karibu na ardhi. Akikuta mti wa ndani una weusi wa bluu, hung'oa mbuni huo na kuuchoma papo hapo. Hauburuti kupita kati ya mibuni mizima, wala hapeleki kuni zake nyumbani. Panga hulipitisha motoni kabla ya kugusa mti mwingine. Akifa bila kuonyesha alipong'oa, mtoto ataona pengo, atadhani ni uzembe wa mzee, naye atapanda pale pale. Aonyeshe pia mibuni ipi ni ya KR, zile aina zinazostahimili mnyauko kutoka kwa watafiti wa kituo cha kahawa cha Kituza, Mukono. Hizo huzalishwa kwa vipandikizi. Ukiotesha mbegu iliyoanguka chini yake, huna hakika kwamba mche utarithi ustahimilivu huo.

Sheria ya mirathi, kwa marekebisho ya 2022, inajua kugawa mali ya mwanamume asiyeacha wosia: wazao asilimia 75, mjane 20, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Haina kifungu cha kumwambia mrithi mpaka uko wapi. Kwenye kibanja, yaani shamba la mpangaji juu ya ardhi ya mwenye hati, mpaka mara nyingi ni mstari wa mulamula tu, mmea unaopandwa kuweka mipaka, na mmea hung'oka usiku. Kwa hiyo mtembee mpaka wote na mzee angali hai, jirani wa kila upande na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wakiwapo, mpige picha kila kona, na muulize risiti za busuulu, kodi anayolipwa mwenye ardhi, ziko wapi.

Namna ya kurekodi nayo ina makosa yake. Mkimkalisha sebuleni na kumwambia "tuambie maisha yako," atawapa hotuba. Nendeni naye shambani asubuhi, mseme "tuonyeshe." Msirekodi chini ya mabati wakati wa mvua; hamtasikia neno. Sauti iliyobaki kwenye simu moja hupotea na simu hiyo, basi yaandikwe kwenye daftari gumu, nakala mbili, nyumba mbili.

Kama mzee keshaondoka, waulizeni watu kabla ya kwabya lumbe, sherehe ya kumaliza msiba na kumsimika mrithi, maana baada ya hapo hutawanyika: kibarua wake, jirani wa mpakani, mnunuzi wa kiboko (kahawa kavu isiyokobolewa), mjane. Kumhoji mrithi peke yake ni kosa tunalolipenda sana. Mara nyingi binti aliyekuwa akichuma naye ndiye anayejua mti upi huzaa mapema.

Makosa ya mzee yaandikwe vilevile. Wengi wamewahi kuuza kahawa ingali maua, kwa sababu karo ya Februari haingoji mavuno. Andikeni mlanguzi alitoa shilingi ngapi, magunia mangapi yalitoka kwenye maua yale, na kiboko kilikuwa bei gani siku yalipobebwa.

Msomaji wenu,
Masaka